Fingo la Ukimya: Mhadhara Juu ya Sihiri Inayoziba Kauli



Niliombwa nizungumzie mbinu za vita katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, nami nikaomba ruhusa nizungumzie sihiri moja tu. Si ile inayochoma ukumbi mzima kwa moto, wala ile inayofufua wafu. Ni sihiri ya daraja la pili, isiyomtoa adui hata tone la damu. Mezani kwetu tunaiita Ukimya. Majina yote ya sihiri nitakayoyataja nimeyafasiri mwenyewe, kwa sababu tunacheza kwa Kiswahili na nimezoea kuyasikia hivyo.

Kwa wale ambao hawajawahi kucheza, maneno machache yanatosha. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulichapishwa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, chini ya kampuni ya TSR, katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Watu huketi kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi, ndiye anayeueleza ulimwengu na kuwasemea maadui. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake: mpiganaji, kuhani, malenga, msihiri. Jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu, hasa ile ya pande 20.

Sasa, kwa nini mchezo uwe na sihiri ya kunyamazisha? Kwa sababu msihiri wa mchezo huu anategemea kinywa. Gygax alivutiwa na hadithi za Jack Vance, hasa kitabu chake cha 1950, The Dying Earth, ambamo mchawi huyahifadhi maneno kichwani na akishayatamka humtoka kabisa. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kikaandika wazi kila sihiri inahitaji nini: kauli, ishara ya mikono, au vifaa, na mara nyingi vyote vitatu. Msikilizaji wa Kiswahili haoni ugeni hapo. Kutabana ni kusema. Mganga asiyetamka chochote hajatabana, amekaa tu. Basi ukiliondoa neno, msihiri mwenye uwezo wa kubomoa ngome anabaki mtu mwenye kanzu na kisu kidogo kiunoni.

Hivyo ndivyo wachezaji wengi wanavyoufikiria Ukimya: adhabu anayopewa mtu, kama kufungwa kitambaa mdomoni. Nimekuja hapa kuupinga ufahamu huo, kwa sababu umewaua wahusika wengi, akiwemo mmoja niliyempenda.

Watu wa pwani wanaijua tofauti ya hirizi na fingo. Hirizi huvaliwa, hutembea na mwenyewe, akienda sokoni nayo imekwenda. Fingo hufukiwa ardhini. Linalinda kiwanja au shamba, na atokaye nje ya mpaka wake ametoka katika nguvu zake. Ninaomba mziweke picha hizi mbili akilini, maana historia nzima ya Ukimya katika mchezo huu ni historia ya hirizi iliyogeuzwa fingo.

Zamani ulikuwa hirizi. Katika kitabu cha 1978, kuhani angeweza kuutupia Ukimya juu ya kiumbe, na duara lake la futi 15 kila upande likamfuata kiumbe huyo kila aendako. Mlengwa alikuwa na haki ya kutupa dadu ya kujinusuru. Lakini hata akifaulu, duara halikupotea, lilijikita hatua moja karibu naye, na yeye akawa bado yumo ndani mpaka atembee. Katika toleo la tatu, la mwaka 2000, hirizi ikabaki hirizi: unaweza kuitia juu ya kiumbe, juu ya kitu, au mahali.

Wachezaji wenye akili wakaona upesi kwamba kitu hakitupi dadu ya kujinusuru. Kokoto haikatai. Wakautia Ukimya kwenye kokoto, wakampa mpiganaji aliyevaa chuma, naye akamkimbilia msihiri na kusimama kando yake. Msihiri akirudi nyuma, mpiganaji anamfuata, na ukimya unamfuata mpiganaji. Wengine waliutia kwenye mshale, au kwenye sarafu waliyoitupa miguuni pa adui. Hiyo ilikuwa mbinu bora kuliko kumlenga msihiri mwenyewe, kwa kuwa ilimnyima dadu. Anayecheza matoleo hayo leo bado anaweza kuitumia, na sioni sababu ya kumwonea aibu.

Mwaka 2014, toleo la tano likaifukia hirizi ardhini. Kanuni yake, na kuanzia hapa ninafuata kanuni za toleo hilo la 2014 isipokuwa nikitaja jingine, ni hii: unachagua nukta iliyo ndani ya futi 120 kutoka ulipo, na kuanzia hapo linatokea tufe lenye nusukipenyo cha futi 20, kiasi cha mita 6. Ndani yake hakuna sauti inayozaliwa wala inayopita. Aliyemo ni kiziwi, hadhuriki kwa mapigo ya ngurumo, na hawezi kutupa sihiri yenye kauli. Hudumu mpaka dakika 10, mradi aliyeitupa hajapoteza umakini. Hakuna dadu ya kujinusuru, hata kwa mfalme wa wachawi. Lakini nukta haihami. Hakuna kokoto tena, wala mshale.

Msihiri wa kawaida hutembea futi 30 kwa zamu moja. Akiwa katikati kabisa ya tufe, anahitaji futi 20 na kidogo kufika nje. Atatembea, atatoka, na akishatoka bado ana tendo lake zima la zamu hiyo. Sihiri yake ya Tufe la Moto itawarudia nyinyi mliobaki ndani, na hamtasikia hata mlio wake. Nimeona kundi zima likifurahia kumnyamazisha adui, kisha likashangaa zamu iliyofuata. Walikuwa wamefukia fingo wakidhani wamemvisha hirizi.

Kwa hiyo kazi ya Ukimya wa leo haimaliziki kwa kuutupa. Inaanza hapo, na inayobaki ni ya miguu na mikono. Ninaiona hii kuwa sihiri ya kuhani ambayo hutekelezwa na mpiganaji.

Njia ya kwanza, na iliyo bora, ni kumkaba. Aliyekabwa mwendo wake ni sifuri. Wasihiri wengi wana nguvu chache za mwili, na mpiganaji wa kati tu atawashinda mara nyingi kuliko kushindwa. Njia ya pili ni kumwangusha chini. Hesabu yake naipenda sana: kusimama hugharimu nusu ya mwendo, kwa hiyo msihiri wa futi 30 akinyanyuka amebaki na futi 15, na tufe linahitaji 20. Ili atoke zamu hiyo, lazima alitumie tendo lake kukimbia. Ametoka, ndiyo, lakini tendo ambalo lingekuwa Tufe la Moto limeishia katika visigino vyake. Ukimwangusha kisha ukamkaba, hawezi hata kusimama, maana asiye na mwendo hana cha kugharamia kunyanyuka.

Jambo wanalolisahau wengi ni kwamba sihiri za kutoroka karibu zote ni za kauli tupu. Hatua ya Ukungu, inayomrusha mtu futi 30 kufumba na kufumbua, inahitaji kauli tu. Mlango wa Masafa vivyo hivyo, na hata Safari Kuu inayompeleka mtu nchi nyingine. Nje ya Ukimya, msihiri uliyemkaba anatamka neno moja na mikono yako inabaki imekumbatia hewa. Ndani yake hana neno la kutamka. Hii kwa maoni yangu ndiyo thamani kubwa ya Ukimya, kuliko hata kuzuia moto: unamfunga mtu ambaye kwa desturi hafungiki.

Chagueni mahali kabla ya wakati. Chumba cha futi 25 kwa 25 hufunikwa chote ukiuweka katikati. Chumba cha futi 30 kwa 30 si hivyo, kwani kutoka katikati hadi kona ni futi 21 na nukta mbili, na kona zote nne zinachungulia nje. Msihiri aliyejibana konani atasema. Mezani kwenu huenda msimulizi anahesabu kwa miraba na jibu likawa jingine, basi mwulizeni mapema, wala msibishane naye katikati ya mapigano. Palipo na mlango mmoja, uwekeni Ukimya ili njia fupi ya kutokea ipite kifuani mwa mpiganaji wenu. Palipo na uwanja wazi, afadhali msiutupe kabisa.

Matumizi ya kujilinda nitayapitia haraka. Yuko pepo mke aombolezaye, ambaye kilio chake kinaweza kumwangusha shujaa kutoka uzima kamili hadi sifuri kwa dadu moja mbaya, na wako wanawake-ndege wanaowaita watu majabalini kwa wimbo. Sauti zao huwadhuru wanaozisikia tu. Fukia Ukimya mahali ulipo wewe, si lazima mahali walipo wao, kisha piga kwa mishale. Kuna pia kuvunja mlango au kufuli usiku bila kuwaamsha walinzi. Hapo tahadhari ni moja: mlinzi aliyekuwa anasikia mvua, kisha ghafla haisikii, ameshajua kuna kitu.

Kuna vitu vya sihiri pia, fimbo na pete zinazoamshwa kwa neno la amri. Ndani ya tufe haziamki.

Sasa nizungumzie gharama, maana Ukimya una bei na mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaoilipa.

Bei ya kwanza ni umakini. Kuhani hawezi kushikilia sihiri mbili za umakini kwa wakati mmoja. Akishika Ukimya, ameacha Baraka, na akifika kiwango cha tano cha ukuhani ameacha pia wale Walinzi wa Kiroho wanaomzunguka na kuwakata maadui kila zamu. Kumnyamazisha msihiri mdogo kwa kuwaacha Walinzi ni biashara ya hasara. Kisha, kila kuhani anapopigwa hutupa dadu ya kuutetea umakini wake, kufikia 10 au nusu ya pigo, lolote lililo kubwa. Mpiga mshale mmoja wa adui anaweza kurudisha kauli ya bwana wake. Kuhani mwenye Ukimya hana kazi mbele.

Bei ya pili nilijifunza kaburini, katika kampeni tuliyoicheza muda mrefu. Tulimkuta msihiri tuliyemwinda karibu na madhabahu. Kuhani wetu aliuweka Ukimya juu yake kutoka mlangoni, akajificha nyuma ya nguzo kama inavyofaa. Mpiganaji wetu akaingia, akamkaba. Tulikuwa tunashinda. Wafu walinzi wakainuka sakafuni, mmoja akamshika malenga wetu ambaye naye alikuwa ndani, na watatu wakamwangukia mpiganaji mpaka uzima wake ukafika sifuri. Malenga ana Neno la Uponyaji. Ni sihiri ya kauli tupu. Alikuwa futi tano kutoka ukingoni, amekamatwa, na hakuweza kulitamka. Kuhani angeweza kuuachia Ukimya wakati wowote, bila kupoteza tendo, lakini alikuwa nyuma ya nguzo, haoni, na hakuna aliyeweza kumwita. Mpiganaji alitupa dadu ya mauti na kushindwa mara tatu.

Mpiganaji huyo alikuwa wangu, wa miaka miwili. Sikumlaumu kuhani. Alifanya kila kitu sawa isipokuwa kitu kimoja ambacho hakuna kitabu kinachokifundisha: hatukuwa na namna ya kusema acha.

Nimeongea kama mwindaji, sasa niongee kama windo. Ukiwa wewe ndiye msihiri, au ukiwa msimulizi unayemchezea msihiri kwa akili anayostahili, Ukimya unakabilika.

Kwanza kabisa, tembea. Ninalirudia kwa kuwa ninawaona watu wakitafuta dawa za mbali wakati miguu wanayo. Msihiri asisimame katikati ya ukumbi. Asimame mahali ambapo hatua tano kando ni mlango au pembe ya ukuta.

Pili, zijue sihiri zako zisizo na kauli. Ni chache, lakini zimo. Nakshi ya Bumbuwazi, inayowapumbaza watu wengi kwa rangi zinazozunguka, inahitaji ishara na kifaa tu. Ukimya hauigusi. Msihiri aliyefungwa na kundi zima ndani ya tufe moja anaweza kulipumbaza kundi zima, na mabubu wakawa wao. Kisu cha Barafu hakina kauli. Njozi Ndogo haina kauli.

Na lililo kubwa kuliko yote hayo: Pangua haina kauli. Pangua ndiyo sihiri ya kuizima sihiri ya mwingine inapotupwa, na inahitaji ishara ya mkono peke yake. Maana yake, laichi, yule mchawi mfu anayetawala makaburi, ukimnyamazisha bado atazipangua sihiri zenu alizoziona ndani ya futi 60. Mmemnyima kushambulia, hamjamnyima kukataa. Wachezaji wakilisahau hili huchoma sihiri zao kubwa zamu moja baada ya nyingine, zote zikaishia hewani.

Pangua hiyo hiyo inaweza kuuzuia Ukimya usizaliwe, kuhani akiwa karibu. Hapa kuhani mwerevu anajibu kwa vipimo: Pangua hufika futi 60, Ukimya hufika 120. Autupe kutoka futi 70 au 80, na hakuna wa kumpangua.

Tatu, msaidizi wa nje. Tangua, sihiri ya daraja la tatu inayofuta sihiri iliyokwisha tupwa, huuondoa Ukimya bila hata kutupa dadu, kwa kuwa Ukimya ni wa daraja la chini yake. Ila Tangua ina kauli, kwa hiyo aliye ndani hawezi kuutangua mwenyewe. Mchawi mkuu mwenye wanafunzi wawili awaweke mbali naye, kila mmoja upande wake.

Nne, wapo wenye sihiri ya damu, ambao hawakujifunza kwa vitabu. Hao wanaweza kuchagua uwezo wa kutupa sihiri bila kauli wala ishara, kwa kulipa pointi moja ya nguvu zao. Juu ya mwenye uwezo huo Ukimya hauna kazi, na kwa kuwa hakuna ishara ya kuonekana, kwa kawaida hata Pangua haina cha kuona. Toleo la tatu lilikuwa na mlango kama huo: msihiri angeweza kujifunza kutupa sihiri kimya, akailipia kwa nafasi ya daraja moja juu zaidi. Malenga hakuruhusiwa kufanya hivyo kwa sihiri zake za kimalenga, na ninaona waliotunga kanuni hiyo walimwelewa malenga. Malenga asiye na sauti ana nini?

Nigusie Pathfinder, toleo lake la pili la mwaka 2019, kwa sababu huko njia ni tofauti. Ukimya wao hutiwa kwa kumgusa mtu aliyeridhia, naye ndiye asiyesikika. Ni hirizi ya mnyatiaji. Ukitupwa katika daraja la nne ndipo unapoenea futi 10 kumzunguka, na mbinu ya kokoto inafufuka, safari hii kokoto ikiwa ni rafiki yako mwenyewe.

Ninalo ombi kwa wasimulizi. Msiutumie Ukimya dhidi ya wachezaji kila wiki. Aliyeamua kuwa msihiri amekuja kusema maneno yake, na kumfunga kinywa mapigano baada ya mapigano ni kumwambia akae nyumbani. Utumieni mara chache, katika mahali palipopangwa vizuri, na muwape mlango wa kutokea ambao miguu inaweza kuufikia.

Baada ya kaburi lile tuliweka kanuni mezani kwetu. Mhusika akiingia ndani ya Ukimya, mchezaji wake naye hunyamaza. Anaweza kumweleza msimulizi tendo lake kwa karatasi, lakini wenzake hawezi kuwasemesha. Sijui sihiri nyingine inayovuka kutoka hadithini na kukaa kwenye viti vya wachezaji namna hiyo. Chumba kinanyamaza kweli. Unasikia dadu zikigonga ubao, unamwona mwenzako akikutazama usoni kutafuta unataka nini. Katika miaka yangu yote ya mchezo huu, mapigano ninayoyakumbuka vizuri ni yale.

Kuhani wetu sasa hajifichi tena mahali asipotuona. Anasimama mbali, nyuma ya kitu, lakini jicho lake liko kwetu. Nasi tuna ishara tatu za mikono: ngumi iliyofungwa ni shikilia, kiganja kilichofunguliwa ni achia, mkono kifuani ni nimeumia. Kabla hamjatupa dadu ya kwanza wiki hii, kubalianeni za kwenu, na mhakikishe kuhani anazijua.